Glasi ya Maji Baridi: kisa cha mama mmoja na raha zake ndogo ndogo katikati ya kemo

Kisa hiki kimetoka wapi

Mi ni nesi, nimekaa chumba cha kemo, yaani cha dawa kali za saratani, miaka mingi. Huyu ni mgonjwa niliyemhudumia mwenyewe toka dripu ya kwanza mpaka ya mwisho, yeye na bintiye wamekubali niandike, jina nimelitoa, umri nimeusogeza, na vitu vitatu vinne ambavyo vingeweza kumtambulisha nimevibadilisha. Nitamwita Mama tu maana ndivyo nilivyokua namwita, na yeye alikua ananiita mwanangu.

Wagonjwa wa saratani wanaambiwa kila siku "furahia vitu vidogo vidogo", wanaambiwa na ndugu, wanaambiwa na majirani, na sisi wahudumu tunawaambia hivyo hivyo, halafu hakuna anayekaa nao akaangalia hiyo raha inapatikanaje mwili ukiwa hoi, na hakuna anayesema kwamba ikiendeshwa vibaya inaumiza. Kwa Mama niliona ikimbeba na nikaona ikimuumiza. Na kuna kitu cha tatu, hicho nilikiona nimeshachelewa, na ndicho kilichonifanya nikae chini niandike.

Mama na matibabu yake

Miaka sitini na kidogo, mjane, fundi cherehani maisha yake yote, analala peke yake lakini bintiye na mjukuu wa miaka 5 wako karibu. Aligundulika na saratani ya utumbo mpana, kipande kikakatwa, majibu ya maabara yakaonyesha imeshaingia kwenye tezi 2 za limfu zilizo jirani, hiyo ni hatua ya 3. Kidonda kilipopona akapangiwa kemo ya kuzuia isirudi, dawa mbili, oksaliplatini pamoja na fluorourasili, mizunguko 12, kila wiki 2 mzunguko mmoja, kwa hiyo ni kama miezi 6.

Kwa asiyejua inavyokwenda: siku ya 1 unakaa kwenye kiti masaa kadhaa, dawa inaingia kupitia poti, kile kidude kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, halafu unarudi nyumbani na pampu ndogo inaning'inia kiunoni inaendelea kusukuma dawa kwa masaa 46, siku ya 3 unakuja kutolewa. Sasa oksaliplatini ina tabia yake, inaifanya mishipa ya fahamu isivumilie baridi kabisa. Ukishika kitasa cha mlango asubuhi vidole vinachoma kama umegusa waya wa umeme, na ukinywa maji ya friji koo linabana unahisi pumzi haipiti. Koo halizibi kweli, ila hisia yenyewe inatisha, na mtu akishaipata mara moja hataki tena. Kwa hiyo siku kadhaa baada ya dripu kila unachokunywa ni vuguvugu.

Na Mama katika vitu vyote alikua ni mtu wa maji baridi. Alikua na glasi yake moja nzito ya kioo, anailaza kwenye friji, asubuhi anaijaza maji anakunywa amesimama, kabla hajaongea na mtu yeyote. Marehemu mumewe alikua anajua, hakuna salamu mpaka glasi irudi mezani. Nilipomwambia siku ya kwanza kwamba maji ya baridi basi kwanza, aliyauliza mara mbili yale maneno. Kuhusu kutapika wala kuhusu nywele hakuuliza kitu.

Mizunguko mitatu ya kwanza, na yale mafuta ya waridi

Mzunguko wa 1 alivumilia. Siku ya 6 akajaribu funda moja, koo likatulia, akamaliza glasi. Alivyokuja mzunguko wa 2 hilo ndilo la kwanza aliloniambia, kabla hata hajakaa: "Mwanangu, nimekunywa." Akanionyesha na mkono yale maji yalivyoshuka, kooni, kifuani, mpaka tumboni, eti aliyasikia yote hayo, na kwamba miaka yote amekunywa ile glasi hajawahi kuyasikia yakipita kifuani. Aliongea kama dakika 5 kuhusu glasi moja ya maji na mi nilisimama pale na dripu mkononi nikasahau nilichokua nafanya.

Binti yake naye alitaka kumsaidia. Mama ana mafuta yake ya kujipaka yenye harufu ya waridi, ametumia toka ujana, Binti akawa anayaleta chumba cha kemo anampaka mikononi dawa ikiwa inaingia ili asikie harufu ya nyumbani. Nia nzuri kabisa, na mi nilimsifia. Mzunguko wa 2 Mama akatapika sana. Mzunguko wa 3 Binti kafungua tu kifuniko, dawa hata haijaanza kuingia, Mama akageuza uso akaomba beseni. Wiki hiyo hiyo alifungua kabati la nguo, harufu ya mafuta iko kwenye nguo zake, akatapika palepale chumbani.

Hili linajulikana na mi nilipaswa kulikumbuka. Mwaka 1978 mtafiti Ilene Bernstein alichapisha utafiti wa watoto waliokua kwenye kemo, waliopewa aiskrimu ya ladha wasiyoizoea muda mfupi kabla ya dawa, baadaye wengi wao waliikataa ile aiskrimu ingawa haikua na kosa lolote. Mwili ukiumwa unatafuta ulichokula au ulichonusa mwisho unakibebesha lawama. Kwa hiyo raha yako unayoipenda kuliko zote ukiipeleka kwenye kiti cha kemo unaweza kuipoteza. Mama aliipoteza ile harufu. Mafuta aliyagawa, na mpaka leo hajarudia.

Uamuzi wa kwanza ukatokea hapo: kitu kinachopendwa sana hakiingii chumba cha kemo, kinasubiri siku nzuri. Pale kwenye kiti aje na vitu visivyo na historia naye, shali ya kuazima, redio ya watu wanaobishana mambo yasiyomhusu. Na tukamwomba daktari aongeze dawa ya kichefuchefu, akaongeza, mzunguko wa 4 kutapika kukapungua sana. Hili watu wanaliruka ila ndilo lililofungua njia, maana mtu anayetapika hana nafasi ya kufurahia chochote, hata umwekee maua kitanda kizima.

Daftari

Mzunguko wa 4 Binti akaja na daftari zuri, jalada gumu, kwamba kila jioni Mama aandike mambo 3 mazuri ya siku ile. Alikua amesoma mahali kwamba inasaidia, na hakudanganywa. Watafiti Emmons na McCullough walichapisha mwaka 2003 kwamba watu waliokua wanaandika vitu wanavyovishukuru walijisikia vizuri kuliko wenzao, na mojawapo ya makundi yao lilikua la watu wenye magonjwa ya misuli na mishipa ya fahamu, kwa hiyo kitu chenyewe kipo. Mama akakubali, Binti kila jioni anapitia anasoma.

Mzunguko wa 5, siku ya 1, nimekwenda kumfunga presha nikamkuta daftari liko mapajani anaandika haraka haraka. Anajaza siku 5 kwa mpigo. Nikamuuliza vipi Mama, akasema bila kuficha, "Namwandikia mtoto, ili alale." Akanipa nisome. Jua. Ndege wanaimba. Jua. Mjukuu kacheka. Ndege. Nikamuuliza ndege gani hao, akaangalia lile daftari, akasema siku ile hata dirisha hakufungua.

Nikalifunga daftari nikaliweka chini ya shali. Tukanyamaza wote wawili. Halafu akasema maneno nimeyaweka kichwani mpaka leo: "Nikikosa cha kuandika naona kama nimefeli na ugonjwa wenyewe."

Nilimtafuta Binti koridoni nikamuuliza polepole kwa nini daftari ni muhimu kwake hivyo. Akaanza kulia kabla hajajibu. Alikua anaamini mgonjwa mwenye furaha anapona na aliyekata tamaa anakufa, kwa hiyo kila ukurasa mtupu aliuona kama mama yake anateleza na yeye kashindwa kumshika. Ameubeba mzigo huo miezi miwili bila kumwambia mtu.

Nikamwambia ninachojua. Mwaka 2007 James Coyne na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo, waliangalia hali ya moyo wa mgonjwa, huzuni na furaha zake, kama inaonyesha nani ataishi muda mrefu zaidi, wakakuta haionyeshi. Akaniuliza, "Kwa hiyo siku akilala tu anaangalia ukuta, hajiui?" Nikamwambia hapana, hajiui, kachoka. Alikaa kwenye benchi muda mrefu. Naona ile dakika ndiyo iliyobadilisha kisa chote, kuliko kitu chochote nilichofanya kwa Mama mwenyewe, maana raha ilitolewa kwenye orodha ya dawa ikarudi kua raha.

Uamuzi wa pili: kalenda yenye glasi

Hatukutaka kumwachia Mama utupu, ila pia hatukutaka mtihani mwingine. Nikakumbuka habari za mtafiti Susan Folkman, huyu alifuatilia wanaume wa San Francisco miaka ya 1990 waliokua wanawauguza wapenzi wao wenye UKIMWI, watafiti walikua wanawauliza habari za mateso tu, wenyewe ndio wakalalamika mbona hamtuulizi mazuri. Walipoanza kuulizwa, karibu wote walikua na la kusema, hata waliofiwa wiki chache nyuma. Kwa hiyo kumbe vitu vipo, shida ni nani anauliza na kwa nini anauliza.

Mama mwenyewe akatoa wazo. Alichukua karatasi ya kukatia patroni, ile kubwa, akagawa vyumba 14, chumba kimoja siku moja, mzunguko mmoja karatasi moja. Akatumia penseli, ili aweze kufuta. Anachora tu, haandiki, na hakuna wa kuitazama mpaka aionyeshe mwenyewe. Siku isiyo na kitu inabaki nyeupe na hakuna anayeuliza kwa nini nyeupe. Hilo la mwisho alimwambia Binti mbele yangu, kwa upole lakini kama mzazi.

Tulikaa naye tukaona kila mzunguko una sura yake, na kila sura ina raha zake. Siku ya 1 mpaka ya 4 au 5 ni siku za chini, mwili hauwezi kutafuta kitu, kwa hiyo raha iwe ile inayokuja yenyewe kitandani. Kwake ilikua shuka lililoanikwa juani likatandikwa likiwa bado na joto la jua. Ilikua kuoga siku ya 3 baada ya pampu kutolewa, maana siku 2 unaoga nusu nusu umeshikilia kidude kisilowe, halafu siku ya 3 unasimama chini ya maji ya vuguvugu mikono yote iko huru, alisema ile ndiyo sherehe yake. Siku za kati ni za tahadhari, chembe nyeupe za damu zinashuka, huko alikua na mjukuu mlangoni au dirishani, akiwa hana mafua na amenawa mikono. Siku za mwisho ni za juu, anashona, anatoka, na kwenye ile siku ya kwanza ambayo koo limekubali baridi alikua anachora glasi.

Nilizipenda sana hizo karatasi. Kila akija ananifunulia, natafuta glasi iko wapi, tunacheka. Mzunguko wa 5 glasi ilikua siku ya 9.

Homa aliyoificha

Mzunguko wa 6, siku ya 10 usiku, Mama alisikia baridi, akajipima, kipimajoto kikasema 38.4. Alikua anajua kabisa kanuni, nilimwambia mwenyewe zaidi ya mara moja, joto likifika 38 unapiga simu saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, na hunywi dawa ya kushusha homa kabla hujaongea na sisi kwa sababu inafunika moto ulio ndani. Akameza paracetamol akalala.

Sababu yake ilikua moja. Kesho yake alikua amechora mjukuu, tena siyo dirishani, walipanga akae naye asubuhi nzima wamtengenezee mwanasesere nguo. Alisema baadaye, "Nilijua nikipiga simu mtanilaza, na sijui kama nitapewa siku nyingine."

Asubuhi Binti akamkuta anatetemeka, joto 39.2. Alipofika antibaiotiki ya mshipa ilianza ndani ya saa moja kama inavyotakiwa, neutrofili, zile chembe nyeupe za kinga, zilikua chini sana, akalala wodini siku 5 na mzunguko ukasogezwa wiki nzima mbele. Alipona vizuri, ila homa ya namna hiyo kwa mtu asiye na kinga inaweza kuua ndani ya masaa, na ile raha tuliyomsaidia kuipanga ndiyo iliyomfanya akae kimya.

Uamuzi wa tatu tuliuchukua hapo wodini: kila raha iliyopangwa inachorwa mara mbili, siku yake na siku ya akiba, na Binti anaahidi mbele ya mtoto kwamba ya kwanza ikiharibika ya pili ipo. Mama alikua anaogopa kukosa kuliko anavyoogopa homa, sasa tukiendelea kumkumbusha habari za homa bila kugusa ule woga mwingine tungekua tunapoteza muda.

Siku ya 12, akiwa bado wodini, Binti alimletea ile glasi yake imefungwa kwenye taulo. Akanywa maji baridi amekaa kitandani, akaomba penseli, akachora. Nilikua zamu, nikafurahi mpaka nikawaita wenzangu waone.

Vidole

Mzunguko wa 8 aliingia na blauzi ina vifungo vimefungwa vyote mpaka shingoni, vimenyooka, na Mama kawaida ya juu huwa anaacha wazi. Nikamuuliza nani kakufunga vifungo. Akasema Binti. Nikamshika vidole, nikamgusa ncha na pamba, hasikii. Sindano ya kushonea alikua hajaitunga uzi wiki 3, nguo ya mwanasesere Binti ndiye aliyeimaliza.

Nikamwomba karatasi zote. Nikazitandaza kitandani zikiwa zimefuatana. Mzunguko wa 1, kwa maneno yake mwenyewe, glasi siku ya 6. Wa 5, siku ya 9. Wa 6, siku ya 12. Wa 7, vyumba 14 vyote hakuna glasi.

Ilikua imechorwa pale muda wote. Kwa oksaliplatini baridi ikiendelea kuuma siku nyingi zaidi kila mzunguko, na ganzi isiyoisha kabla ya dripu inayofuata, hiyo ni mishipa ya fahamu inakuambia imeelemewa. Ile glasi ilikua inasogea kulia kila karatasi na mimi kila wiki 2 naiangalia nasema hongera. Kwenye fomu nilikua nauliza "ganzi ipo?" anajibu "ya kawaida tu mwanangu", natiki naendelea. Alijibu hivyo makusudi, aliogopa akisema wangempunguzia dawa, na dawa ikipungua saratani irudi.

Daktari alikaa naye kama nusu saa, hakumkatia shauri kichwani kwake. Alimuuliza mikono yako unaihitaji kwa nini, Mama akamwambia cherehani, na siyo kwa ajili ya hela tu. Akamweleza utafiti mkubwa uliounganisha majaribio 6 ukachapishwa 2018, wagonjwa zaidi ya 12,000 wa saratani ya utumbo mpana hatua ya 3, waliopewa kemo yenye oksaliplatini miezi 3 wakalinganishwa na wa miezi 6. Baada ya miaka 3 waliokua hai bila ugonjwa kurudi walikua asilimia 74.6 kwa miezi 3 na 75.5 kwa miezi 6, wakati ganzi ya kumsumbua mtu ilikua pungufu sana kwa wale wa miezi 3. Hakumwambia ni sawa sawa kabisa, alimwambia tofauti ni ndogo na vidole ni vyake. Wakakubaliana oksaliplatini iishie hapo kwenye 7 alizopata, fluorourasili iendelee mpaka 12.

Matokeo

Alimaliza mizunguko yote. Vipimo vya mwisho havikuonyesha ugonjwa na anaendelea kufuatiliwa.

Ganzi ilizidi kwanza kabla ya kupungua, karibu miezi 3 baada ya oksaliplatini kusimama. Hilo ni kawaida ya dawa hii na daktari alimwambia mapema, vinginevyo angechanganyikiwa. Usiku nyayo zilikua zinawaka akapewa duloksetini, ikampunguzia. Baadaye vidole vikaanza kurudi taratibu, havijarudi vyote. Nguo za harusi ameacha. Anashona kwa sindano nene na uzi anatungiwa na mjukuu, mtoto kajua kulowesha ncha ya uzi na kuiviringisha kama fundi mzee.

Glasi ilirudi kwenye karatasi mzunguko wa 10. Kooni hakuna shida tena ila kuishika kwa vidole bado, kwa hiyo alishona kifuko cha kitambaa kinachoivaa glasi kama soksi. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichoshona baada ya ganzi. Mishono imepinda, amekataa kuifumua.

Uchambuzi wangu

Kilichosaidia kuliko vyote naona ni kuondoa deni. Mpaka Binti aliposikia kwamba huzuni ya mama yake haimuui, kila raha ndani ya nyumba ile ilikua inahesabiwa, na raha inayohesabiwa na mtu mwingine mgonjwa anaifanya kazi ya kumlinda yule anayehesabu. Mama alikua anatumia nguvu zake chache za jioni kubuni ndege. Ile nguvu ilipookolewa hakuhitaji kufundishwa kufurahia, anajua kufurahia kuliko mimi.

La pili ni kwamba raha ilipangwa kufuata mwili. Ushauri wa jumla kama tembea kidogo, kaa bustanini, waite marafiki, ukimpa mtu wa siku ya 2 mwenye pampu kiunoni unamwongezea kushindwa, lakini shuka la moto siku ya 2 linawezekana. Na kichefuchefu kilitibiwa kwanza, nasisitiza hili kwa wauguzaji, pigia simu kitengo chenu uombe dawa ya kutapika ibadilishwe kabla hujanunua daftari.

Yaliyoshindwa. Mafuta ya waridi, tungeweza kuyaokoa kwa sentensi moja siku ya kwanza. Daftari lingeweza kumfaa mtu mwingine, hata Mama lingemfaa kama angelianza mwenyewe na likabaki lake. Homa: tulimpa kitu cha thamani tukakiweka kwenye siku ambazo kinga iko chini kabisa bila mpango wa akiba, na tukategemea achague hospitali badala ya mjukuu saa 5 usiku akiwa peke yake. Siku hizi nikimsikia mgonjwa anasema wikiendi kuna jambo lake, namuuliza palepale homa ikija jambo hilo linahamia lini, tunaandika tarehe.

Na kubwa ni langu. Niliziweka karatasi za Mama upande wa moyo, na fomu upande wa mwili, wakati mgonjwa alikua anasema ukweli wote kwenye penseli na anaficha kwenye fomu. Kwenye fomu alikua anajilinda. Kwenye glasi hakua na cha kulinda, alikua anachora tu siku aliyokunywa. Ningezisoma kama nilivyozipenda tungesimamisha dawa labda mizunguko miwili nyuma, na mizunguko miwili kwa fundi ni vidole.

Kwenye kiti changu sasa, mgonjwa wa oksaliplatini akikaa, kabla sijafika kwenye swali la ganzi namuuliza toka dripu iliyopita kitu cha kwanza cha baridi alichofurahia kukigusa au kukinywa ni kipi, na ilikua siku ya ngapi. Wengi wanasema maji. Mmoja alisema sakafu, alitembea pekupeku. Mwingine alisema shavu la mume wake aliyetoka nje asubuhi, siku ya 8, mzunguko uliopita ilikua ya 5. Nikaandika 8 pembeni ya presha, nikaenda kumwita daktari.